Mkeka wa Tawi-Tawi na kanvasi ya Manila: je, Ufilipino iwe na mlango mmoja wa heshima kwa wasanii wake?

Mleta mada

Nchini Ufilipino serikali humtukuza msanii kupitia milango miwili. Wa kwanza ni hadhi ya Msanii wa Taifa, iliyoanzishwa Aprili 1972, siku chache baada ya kufariki mchoraji Fernando Amorsolo, ambaye ndiye aliyeipata kabla ya wote. Wa pili ulifunguliwa kwa Sheria ya Jamhuri namba 7355 ya mwaka 1992, nao huitwa Gawad sa Manlilikha ng Bayan, yaani tuzo ya wabunifu wa umma, watu ambao huitwa pia hazina hai za taifa. Kwa mlango wa kwanza huingia wachoraji, wachongaji, waandishi, wanamuziki, wasanifu wa majengo na watu wa filamu. Kwa mlango wa pili huingia wafumaji, wasukaji wa mikeka, mafundi wa madini, wapiga ala za asili na watambaji wa mashairi ya jadi. Hoja yangu ni kwamba milango hii haitenganishi sanaa na sanaa, bali inatenganisha watu na watu, na ingefaa uwepo mmoja tu.

Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu unatosha. Visiwa vya Sulu na Tawi-Tawi viko kusini kabisa mwa nchi hiyo, na wakazi wake wengi ni Waislamu. Mwaka 2004 Haja Amina Appi, bibi wa Kisama kutoka Tandubas huko Tawi-Tawi, alipewa tuzo ya mlango wa pili kwa ajili ya mikeka yake. Mwaka 2006 Abdulmari Imao, mzaliwa wa Siasi katika Sulu, alitangazwa kuwa Msanii wa Taifa, akiwa Mwislamu wa kwanza kupata hadhi hiyo. Imao alistahili, wala sina neno naye. Alizichukua nakshi za okir, yale mapambo ya majani na vikonyo vinavyojipinda ambayo wachongaji wa kusini wameyatia kwenye mbao na shaba kwa vizazi vingi, akamchukua na ndege wa hadithi aitwaye sarimanok, akavihamishia kwenye kanvasi na sanamu za shaba. Lakini kabla ya hapo alikuwa amepita Chuo Kikuu cha Ufilipino, kisha vyuo vya Marekani huko Kansas na Rhode Island. Urithi wa kusini, ukikaa mikononi mwa aliyefundishwa na mama yake, huitwa jadi. Ukishapita darasani, huitwa sanaa ya kisasa.

Tuutazame basi huo mkeka wenyewe. Majani yake ni ya pandani, jamaa wa mkadi tunaoujua pwani, nayo yana miiba pembezoni. Miiba huondolewa, majani huchanwa kuwa vipande vyembamba vyenye upana mmoja, huanikwa juani, hugandamizwa chini ya gogo zito ili yalainike, kisha huchemshwa katika rangi. Haja Amina hakuridhika na rangi za dukani zilivyokuja, akawa anazichanganya mwenyewe mpaka zitoe mng'ao alioutaka. Mkeka wetu wa miyaa husukwa kili, kisha kili zikashonwa pamoja. Wake ulijengwa juu ya ukanda wa msingi unaosukwa mshazari, na hapo ndipo hesabu yote ya mapambo huamuliwa, maana kosa la ukanda ule husafiri hadi ukingo wa pili. Anayesema kwamba huo ni ufundi wa mikono usio na ubunifu angefaa aeleze ni kitu gani kilichomo katika mchoro wa kijiometria wa rangi za mafuta ambacho hakimo humu.

Lugha yetu yenyewe imelimaliza jambo hili mapema. Uchoraji na uchongaji tunauita sanaa za ufundi, na hakuna anayeona kuwa msanii amedhalilishwa kwa kuwekwa chungu kimoja na fundi.

Mchangiaji wa Muscat

Ndugu mleta mada, salaam aleikum. Ninaishi Muscat na ofisini kwetu Wafilipino ni wengi kuliko Waswahili, kwa hiyo mambo yao si mageni kwangu. Mfano wako ni mzuri, ila nadhani umeusoma nusu.

Mlango wa kwanza ulijengwa na watu waliokuwa wakigombana juu ya mitindo. Mwaka 1928 Victorio Edades, aliyerudi kutoka masomoni Seattle, alionyesha Manila picha yake ya wafanyakazi wakihangaika na mawe, miili imepindwa, rangi ni za udongo na vumbi. Manila ilikuwa imezoea mashamba ya mpunga ya Amorsolo, yenye jua linalomulika kutoka nyuma ya wasichana wazuri, na picha ile iliwaudhi wengi. Baadaye mchongaji Guillermo Tolentino, yule aliyejenga mnara wa Bonifacio huko Caloocan, alibishana na Edades magazetini kuhusu sanaa ya kisasa, na hakuna aliyemkubalia mwenzake. Tolentino alitangazwa Msanii wa Taifa mwaka 1973, Edades mwaka 1976. Maana yake ni kwamba hadhi ile humpa mtu heshima kwa kuachana na waliomtangulia, na ndiyo sababu Vicente Manansala aliipata mwaka 1981 kwa kuichukua kubizimu ya Ulaya, mtindo wa kuchora vitu kwa vipande vya kijiometria, na kuifanya ipenyeze nuru, umbo moja likionekana kupitia jingine.

Mlango wa pili huuliza swali lililo kinyume kabisa. Huuliza kama umekihifadhi ulichopokea, na kama umekifundisha. Sheria inamtaka mwenye tuzo awarithishe vijana ujuzi wake, na serikali humpa posho ili aifanye kazi hiyo. Msanii wa Taifa anaweza kukaa na siri zake za rangi hadi kaburini bila mtu kumdai kitu.

Mchukue Lang Dulay, mfumaji wa kabila la Watboli wa Ziwa Sebu, kusini mwa nchi, aliyetunukiwa mwaka 1998. Kitambaa chake cha t'nalak hufumwa kwa nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba, ambazo hufungwa vifundo kabla ya kutiwa rangi ili mahali palipofungwa pasinywe rangi. Hutiwa nyeusi na nyekundu zinazotokana na mimea, na mwisho kitambaa kizima husuguliwa kwa kauri, kombe lile lile tunalochezea bao wengine, mpaka king'ae. Watboli husema michoro hiyo huletwa ndotoni na Fu Dalu, roho ya abaka. Sasa wewe unataka kumweka mama huyu mbele ya jopo la Manila limpime kwa kipimo cha upekee wa mtunzi. Ukimwita mtunzi wa mchoro kwa maana ya wachoraji wa mjini, umemnyang'anya Fu Dalu haki yake na umewanyang'anya Watboli mali yao. Ninahofia kwamba katika mlango mmoja, mkeka na t'nalak vingesimama mwisho wa foleni milele.

Mchangiaji wa pili

Mimi nitakuwa mfupi. Kabla hamjaunganisha milango, angalieni aliyeshika ufunguo. Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino na Tume ya Taifa ya Utamaduni na Sanaa huchuja majina, lakini anayetangaza ni Rais. Mwaka 2009 majina manne yalifika mezani kwa Rais Gloria Macapagal-Arroyo. Akalikata moja, la mtunzi wa muziki Ramon Santos, akaongeza manne yake, mojawapo likiwa la mkurugenzi mtendaji wa tume ile ile iliyochuja majina. Aliyeongezwa kwa upande wa sanaa za kuonekana ni Carlo J. Caparas, ambaye alikuwa mtunzi wa hadithi za katuni, lakini michoro ilichorwa na wengine. Wasanii wa Taifa waliokuwa hai waliandamana pamoja na wenzao kama watu wanaokwenda kuzika, kisha wakaenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama ya Juu ikayafuta majina yote manne ikisema kwamba Rais anaweza kukataa alilopelekewa lakini hana ruhusa ya kupachika lake. Mtaani kwetu neno usanii lina maana ya pili, na kwa mwaka ule maana hiyo ingetosha. Nora Aunor naye, mwigizaji aliyependwa na taifa zima, alikatwa na Rais Benigno Aquino mwaka 2014, akaja kuipata hadhi hiyo mwaka 2022. Wafumaji wa milimani wana haja gani ya kuingizwa katika mchezo huo?

Mchangiaji wa tatu

Nimewasoma wote, na naona kila mmoja anazungumza kama kwamba mlango wa kwanza umewatosha hata wenye kanvasi. Haujawatosha. Hesabuni Wasanii wa Taifa wa sanaa za kuonekana kuanzia Amorsolo hadi orodha ya mwaka 2022, kisha mniambie kuna wanawake wangapi. Hakuna hata mmoja. Wanawake wapo katika densi, muziki, tamthilia, fasihi na filamu, lakini katika uchoraji na uchongaji hawapo.

Hapa ndipo ninapomuunga mkono mleta mada, ingawa kwa njia nyingine. Kwa Wasama, mwanamume anaweza kusaidia kukata na kuchana majani, lakini kusuka mkeka ni kazi ya mwanamke. T'nalak nayo hufumwa na wanawake. Ukiamua kwamba nyuzi na majani ni jadi, na kwamba mafuta na shaba ni sanaa, umeshaamua pia nani atakuwa nje, hata kama hukukusudia. Pacita Abad, mzaliwa wa Batanes, aliijaza kanvasi pamba ikavimba kama godoro, akaishona kwa mkono, akaipachika kauri, vifungo na vioo. Kati ya 2023 na 2025 kazi zake zilitembezwa katika majumba makubwa ya makumbusho ya Marekani na Kanada. Najua atakayenijibu kwamba kanuni inamtaka mwenye hadhi awe raia wa Ufilipino, hata kama ni marehemu, naye alikuwa amechukua uraia wa Marekani kabla ya kufariki mwaka 2004. Ni kweli. Ila ninachokisema ni kwamba sindano na uzi vilikuwa na mtetezi mkubwa ndani ya sanaa ya kisasa yenyewe, na kanuni haikuwa na mahali pa kumweka.

Kuhusu hoja ya ndugu wa Muscat kwamba jopo lingewapima kwa kipimo kigeni, kipimo hicho kimeshabadilishwa mara kadhaa. Francisco Coching, mchoraji wa katuni za magazeti ya senti chache, alitangazwa mwaka 2014, na Larry Alcala, mchora vibonzo aliyekuwa akijificha mwenyewe ndani ya picha zake ili wasomaji wamtafute, akafuata mwaka 2018. Miaka 40 kabla ya hapo nani angewaweka meza moja na Amorsolo?

Mleta mada

Nawashukuru. Hoja ya kufundisha imenishinda, na sitaitetea tena nia yangu ya kuifuta sheria ya 1992. Wajibu ule ubaki na posho ibaki. Hoja ya Fu Dalu sijaikubali, kwa kuwa washairi wengi walioheshimiwa husema wamepokea na hawakubuni, na hatujawavua majina yao kwa sababu hiyo. Kuhusu Rais, hukumu ya 2013 imempunguzia mkono, nayo ingewalinda wafumaji kama inavyowalinda wachoraji. Ninachobaki nacho ni kwamba mwenye tuzo ya pili apewe pia jina la tuzo ya kwanza.

Mchangiaji wa Muscat

Jana nilimuuliza mwenzangu wa ofisini, mwenyeji wa Zamboanga, kama anaijua mikeka ya Tawi-Tawi. Akasema kwao upo mmoja umetundikwa sebuleni, na tangu utotoni mama yake alikataza mtu kuukalia. Nikamuuliza umesukwa na nani. Akanijibu kwamba umesukwa Tawi-Tawi. Kwake hilo lilikuwa jibu kamili, nami ndilo ninalolitetea: mkeka ni wa kisiwa.

Mleta mada

Wa mama yake huenda ni wa kisiwa, kwa kuwa mkeka hautiwi sahihi pembeni. Wa Haja Amina ulishaandikiwa jina lake kwenye karatasi ya serikali tangu mwaka 2004, na hakuna mtu wa Tandubas aliyelalamika kwamba ameibiwa. Karatasi hiyo ndiyo ninayotaka isomeke Msanii wa Taifa.