Miaka tisa nikiwa MO, nirudi shule ama niachane nayo?

MzeeWaWodi
Habari zenu. Niko na miaka 37, MO (daktari wa kawaida, si bingwa) wa kaunti hapa Nakuru, watoto wawili, mkopo wa sacco bado unakatwa. Karibu wote tuliosoma nao washarudi kufanya Masters. Juzi nilikuwa narifer mgonjwa, nikapiga simu kumpa konsaltanti (daktari bingwa) historia, akanikatiza katikati, "kwani ni nani hapo?", nikasema jina, kukawa kimya halafu akacheka, kumbe tulikuwa tunalala chumba kimoja hosteli. Nikacheka pia. Lakini nilikaa kwa gari dakika kumi hivi kabla niwashe injini.

Si cheo tu. CS (upasuaji wa kujifungua) nafanya nyingi na nazipenda. Shida ni ile ya saa nane usiku, mtoto ametoka salama lakini mfuko wa uzazi umekataa kushika, dawa zote umepeana, unaukanda na mikono miwili huku nesi anatafuta damu, na kwa kichwa unajua kuna kitu kinafuata hapo ambacho hukufunzwa vizuri. Mara mbili niliokolewa na mkubwa aliyekuwa karibu. Mara moja hakuwa karibu.

Sasa nikienda Eldoret kusomea gaini (uzazi na magonjwa ya wanawake) ni miaka minne na lokamu (zamu za kulipwa kando na kazi ya kaunti) zinaisha, na ndizo zinalipa karo ya watoto. Mngefanyaje?

RejistraMwakaWaTatu
Daktari, nenda, lakini usilipe hata shilingi chuo kabla barua ya likizo ya masomo iko mkononi, imesainiwa na ina stempu. Si kuambiwa na mtu wa HR "tunashughulikia". Kuna mwenzetu alianza akitumaini barua itafuata, mshahara ukasimamishwa, na unajua rejistra (daktari anayesomea ubingwa) wa kujilipia karo anafanya kolu (zamu za usiku) kama sisi wengine na mwisho wa mwezi hapati kitu. Huyo jamaa tulikuwa tunamchangia nauli. Na bondi usome yote, hasa pale inasema utarudi kuhudumia miaka mingapi na ukihama kaunti utarudisha nini.

Ile aibu ya umri itaisha wiki ya pili. Mimi niliulizwa mzunguko wa damu wa mtoto akiwa tumboni, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa nne, nikabaki nimeangalia ukuta. Jioni nikasoma, basi.

MinWaKisumu
Mi nitapinga kidogo. Huyo aliyecheka kwa simu mtoe kwa hesabu kabisa, usiende shule juu yake. Ile mara moja mkubwa hakuwa karibu, hiyo ndiyo sababu.

Lakini uliza pia, lazima iwe gaini? Kama unapenda kuona kila kitu kuna family medicine, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret ndio walianzisha hapa Kenya 2005, na CS wanafanya. Tatizo yake ni kaunti zingine hazijui zimweke wapi huyo mtu, namjua mmoja alirudi na digrii yake akaendelea kulipwa kama MO. Kama ni upasuaji kuna njia ya COSECSA (chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini), miaka mitano, unafunzwa ukifanya kazi kwa hospitali iliyokubaliwa kama Tenwek bila kuingia chuo kikuu, mtihani nao si mchezo.

Na pesa: anza kulipa ule mkopo sai. Ukope ukiwa rejistra na utajua hujui.

NesiWaUsiku
Samahani mimi si daktari ila nimekaa thieta miaka mingi hapa Kisumu, Russia (hospitali ya rufaa ya Jaramogi) na kwingine. Daktari anayesema "hii imenishinda, piga simu" mapema ndiye tunapenda kufanya kazi naye, na wewe unaonekana ni huyo. Lakini umeandika mambo ya pesa na umri yote, mama watoto hujamtaja hata mara moja. Nakuru mpaka Eldoret utaona ni karibu, ngoja utoke kolu asubuhi upande matatu na ukungu wa Timboroa, hizo wikendi za kurudi nyumbani zitapungua zenyewe.

MzeeWaWodi
Asanteni sana. Jumatatu naenda HR kuuliza hiyo barua. @NesiWaUsiku umenishika, nikampa simu asome yote. Amesoma pole pole mpaka chini, akaniuliza kitu moja tu: huyo aliyecheka, yeye alifanya kozi gani?

MinWaKisumu
😂😂 Jibu basi!

MzeeWaWodi
Gaini.