Tupeane uzoefu: "Nimebakiza kidogo tu", saa ya kazini kwako ni ipi?

Mleta Mada
Wadau, jana nimegombana na mwenzangu kazini kwa neno moja: asubuhi. Nilimwomba anitumie hesabu za mwezi asubuhi. Saa mbili na nusu nimeshakaa, kompyuta iko wazi, nasubiri. Saa tatu, kimya. Saa nne nampigia, ananijibu kwa utulivu kabisa, "Usijali, nakutumia asubuhi hii hii." Zikaja saa sita kasoro dakika tano. Kwake zimewahi! Na nimezikagua, hazina kosa hata moja.

Mvivu si yeye. Meza yake haikosi mtu. Anaongea na simu huku anasaini karatasi ya mwingine, na akikuona mlangoni hawezi kukwambia subiri. Mimi nikishika jambo, hata salamu naiona usumbufu mpaka liishe. Mwanaanthropolojia mmoja wa Marekani, Edward T. Hall, alieleza tofauti kama hii: kuna wanaoyapanga mambo foleni, moja moja, na kuna wanaoyabeba mengi kwa pamoja, na kwao mtu ni muhimu kuliko ratiba. Nilijiona mimi na yeye humo. Ila Hall hakuwa na hesabu za kufunga mwisho wa mwezi.

Leteni ya kwenu. Nadharia nimeshamaliza mimi, nyie leteni yaliyowakuta.

Fundi Cherehani
Neno langu mimi ni "nimebakiza vifungo tu". Mteja akipiga simu, hilo linatoka lenyewe, na wala sidanganyi, shati naliona limeisha pale mbele yangu. Sasa njooni tuhesabu hivyo "vifungo tu". Kupima nafasi, kutia alama kwa chaki, kutoboa matundu na kuyazungushia uzi, kushona kifungo kimoja kimoja kwa mkono, kukata nyuzi zinazoning'inia, pasi. Siku moja niliamua kuweka simu mbele yangu nione: vifungo saba, saa moja na dakika ishirini. Kichwani nilikuwa nimejiandikia dakika ishirini peke yake!

Tangu siku hiyo nina daftari. Naandika nimeanza saa ngapi, nimemaliza saa ngapi, hakuna ninayemwonyesha. Nimegundua kukata kitambaa nakadiria vizuri tu, umaliziaji ndio unaoniangusha kila mara. Siku hizi mteja nampa siku moja zaidi ya ile inayonijia mdomoni.

Mtafsiri wa Usiku
Dada Fundi, una wenzako wengi. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliuandika ugonjwa huo mwaka 1979: mtu akikadiria kazi huitazama hiyo iliyo mbele yake tu, zile zilizopita zilimla muda gani hakumbuki. Kuna utafiti wa 1994 ambao wanafunzi walikadiria kumaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 33.9. Wakatumia 55.5. Kilichonivutia zaidi ni kwamba mtu akiulizwa kazi ya mwenzake, matumaini hayo yote hana.

Kwa hiyo mimi nimeacha kujiuliza mwenyewe. Nikimwambia mke wangu kurasa hizi ni siku nne, anacheka, anasema sita. Huwa ni sita.

Nesi wa Zamu
Kwetu neno asubuhi halina kazi. Dawa ya kila baada ya saa 8 ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, basi. Mvutano wetu uko kwenye kupokezana zamu. Kuna mwenzangu anafika dakika kumi kabla, tunapita kitanda kwa kitanda namweleza kila mgonjwa. Mwingine anaingia getini saa kamili, halafu ndiyo anabadili nguo, anatafuta kalamu, anauliza daftari la ripoti liko wapi. Kwake amewahi kazini. Kwangu mimi niliyesimama usiku kucha, amechelewa robo saa. Hatukuelewana mpaka tulipokaa tukakubaliana kwamba kufika ni kusimama kando ya kitanda cha kwanza ukiwa na sare. Ugomvi ukaishia hapo.

(Na hiyo saa tisa ya usiku, wodi ikiwa kimya, haisogei jamani. Ila dharura zikifuatana unashtukia kumekucha.)

Sipambi Mtu
Mnawapamba. Wengine ni kutojali tu. Bosi akiitisha kikao, huyohuyo asiyejua saa ndiye wa kwanza kukaa.

Mleta Mada
Hoja nzito. Ila huyu wangu kwa bosi pia anachelewa, kwa hiyo hayumo.

Zege Halingoji
Mimi ni wa ujenzi. Zege likishachanganywa na maji halikuulizi wewe ni mtu wa saa ipi. Ikipita saa moja na nusu hivi hujalimwaga, linaanza kukukatalia kwenye sepetu. Likishamwagwa mambo yanageuka, sasa linataka subira, na nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28.

Mwenye jengo mmoja alinisukuma nitoe nguzo za kushikilia zege la ghorofa siku ya tano. Nikakataa. Kwake yeye, siku isiyo na kelele za nyundo ni siku niliyomwibia. Nami kila siku niko pale na mpira wa maji, namwagilia zege lisikauke haraka. Nilimweleza hadi nikachoka. Akaleta fundi mwingine.

Mwandika Programu
Kwangu ni kikao cha nusu saa kinachowekwa saa nne na nusu. Aliyekiweka anaona amechukua nusu saa. Amechukua asubuhi yote, maana kuanzia saa tatu siwezi kuanza jambo zito nikijua nitalikatisha.

Fundi Cherehani
Mtafsiri, niliposoma jibu lako nilisema nakujibu baada ya dakika tano. Hiyo ilikuwa juzi. Nilikuwa nimebakiza vifungo.