Chekechea ya bure kwa mtoto wa miaka 3 hapa Texas, nimeambiwa umri haujafika, nifanyeje?

mama_wawili_tx
Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo maana nimezunguka mpaka nimechoka. Nina kijana wangu alitimiza miaka 3 mwezi wa kumi mwaka jana. Nafanya kazi ghalani shifti ya mchana, dekea (vituo vya kulelea watoto) za kulipia nikipiga hesabu zinakula karibu nusu ya mshahara, haiwezekani kabisa. Nikasikia kanisani kwamba kuna chekechea za serikali za bure, basi wiki iliyopita nikaomba ruhusa kazini nikaenda shule ya msingi iliyo karibu. Dada wa mapokezi akaangalia tarehe ya kuzaliwa tu, akasema umri haujafika, rudi mwakani. Hata kiti sikukaa.

Kwa sasa tunakaa kwa dada yangu, tulihamia pale mwezi wa pili baada ya kodi kupanda ikanishinda, mimi na watoto tunalala sebuleni. Yeye ndo ananishikia mtoto ila naye anaanza kazi mwezi wa sita. Mtoto Kiingereza hajui, nyumbani ni Kiswahili tu, na hata hicho Kiswahili maneno yake bado machache, dada yake umri huu alikuwa anasimulia mpaka ndoto. Je kuna mahali wanapokea miaka 3 bure kweli au ni maneno ya watu?

baba_mapacha
Pole sana dada. Sio maneno ya watu, zipo, ila hapo mapokezi walikujibu swali moja tu. Chekechea ya bure ya shule za serikali Texas, wanaiita pre-K, darasa la kawaida ni la mtoto aliyefikisha miaka 4 ifikapo tarehe 1 Septemba. Wako atafikisha Oktoba kwahiyo mwaka huu anakosa kwa mwezi mmoja. Lakini kuna distrikti za shule, yaani mamlaka zinazosimamia shule za serikali za eneo, zina darasa la miaka 3 pia, sheria inawaruhusu ila haiwalazimishi, ndo maana unakuta distrikti hii wanayo na ya jirani hawana. Usiulize shule moja, piga simu ofisi kuu ya distrikti useme "darasa la pre-K la miaka 3", na mwambie unataka mkalimani wa Kiswahili, wanaunganisha kwa simu hapo hapo.

Halafu kitu ambacho kilitugharimu sisi. Texas hiyo chekechea sio ya kila mtoto bure, lazima awe na sifa, mfano kipato kidogo, au mtoto asiyezungumza na kuelewa Kiingereza. Sasa kwenye kujiandikisha kuna karatasi fupi inauliza lugha gani inatumika zaidi nyumbani na mtoto anaongea lugha gani zaidi. Mke wangu akaandika Kiingereza zote mbili, aliogopa wataona watoto ni wajinga au watatengwa na wenzao. Mapacha hata neno "spoon" walikuwa hawalijui. Kwa ile karatasi hawakupimwa lugha, na kwa kipato tulikuwa tumezidi kidogo, wakakataliwa wote wawili. Tulihangaika wiki tatu kuja kurekebisha, tukaitwa, mtu akakaa nao na picha za wanyama na vyombo akiwauliza kwa Kiingereza, wakawa wanamtazama tu, wakaingia. Kwahiyo dada andika KISWAHILI. Ndio ukweli na ndio unaomfungulia mtoto mlango.

jirani_wa_georgia
Naongezea kwa watakaosoma wakiwa majimbo mengine, msichukue sheria za Texas mkadhani ni za nchi nzima, hili jambo kila jimbo na lake. Huku Georgia ya miaka 4 inalipwa na hela za bahati nasibu ya jimbo na hawaangalii kipato kabisa, nafasi tu ndo zinagombaniwa. Florida pia na Oklahoma miaka 4 bila kujali kipato, Oklahoma wanafanya hivyo tangu 1998. Washington DC wanapokea hata wa miaka 3. Ukihama jimbo anza kuuliza upya.

shangazi_wa_darasani
Mama wawili, mwanangu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Mimi ni msaidizi wa mwalimu kwenye kituo cha Head Start, mwaka wa sita sasa, naona wenzangu wamepita juu ya jambo moja ulilolitaja kama la pembeni, hilo la kulala sebuleni kwa dada yako.

Head Start ni mpango wa chekechea wa serikali kuu kwa familia zenye kipato kidogo, ulianza 1965 enzi za Rais Lyndon Johnson, ipo majimbo yote, bure, na inapokea kuanzia miaka 3 mpaka aanze kindagateni, darasa la kabla ya la kwanza. (Huyo Johnson kabla ya siasa alifundisha watoto maskini wa Kimeksiko pale Cotulla, huko huko Texas, 1928, alisema mwenyewe walikuwa wanakuja darasani na njaa. Mpaka leo watoto wetu tunawalisha hapo hapo.) Kijana wako ana miaka 3 kamili, umri sio tatizo kwetu hata kidogo.

Sasa hilo la sebule. Kwa sheria ya taifa familia iliyopoteza nyumba au iliyoshindwa kodi ikaenda kubanana kwa ndugu, watoto wake wanahesabiwa kama hawana makazi. Najua neno linauma, hakuna mzazi anapenda kuandikwa hivyo wakati amelala ndani na dada yake amepika. Lakini mtoto wa hali hiyo anakubalika Head Start bila kujali mshahara wako ni kiasi gani, na anapewa uzito mkubwa wakati wa kuchagua, maana sisi hatuendi kwa nani kawahi foleni, tunaenda kwa pointi. Anaweza hata kuanza darasa wakati bado unatafuta karatasi za chanjo au cheti. Na huko kwenye distrikti pia ni sifa mojawapo ya pre-K ya bure, na kila distrikti lazima iwe na mtu wa kushughulikia watoto wa namna hii, muulizie. Usiandike tu anwani ya dada yako ukanyamaza kama vile ni kwako, wazazi wengi wanafanya hivyo, mtoto anaishia mkiani mwa listi. Sema kama ulivyotuambia sisi.

Wengine mnaosoma, hata kama mko kwenu: ukipata fudi stempu, msaada wa chakula wa serikali, unakubalika pia, hiyo imeanza 2022, na mtoto wa kulelewa na serikali vile vile. Pampasi isiwatishe, tunao wanaovaa, tunawafundisha taratibu. Na ukiambiwa imejaa jaza fomu hivyo hivyo, mwaka jana mama mmoja alijaza mwezi wa nne akaitwa Novemba baada ya familia moja kuhama.

Kupata kituo piga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, ni bure na wana wakalimani, au ingia tovuti ya Head Start uandike zipkodi (namba ya posta ya eneo lako). Waulize masaa, maana vituo vingine ni nusu siku, kwa shifti yako hiyo hutaweza. Kama ni nusu siku omba pia msaada wa jimbo wa kulipia dekea kwa masaa yanayobaki, ila ule una foleni ndefu, anza mapema.

mama_wawili_tx
Shangazi nimelia nikisoma. Kweli mimi nilikuwa najiambia kukaa kwa ndugu sio kukosa makazi, nikawa najaza anwani ya dada kila mahali. Asante sana. Na baba mapacha pia, ningeandika Kiingereza kama mkeo, wallahi. Swali dogo, hayo maneno machache niyataje au wataniambia ana kasoro wamkatae?

shangazi_wa_darasani
Yataje! Angalau nafasi kumi katika kila mia kwetu ni za watoto wenye mahitaji maalumu. Na mbali na sisi, mtoto akishatimiza miaka 3 distrikti inatakiwa kumpima bure ukiwa na wasiwasi, na akionekana anahitaji msaada wa kuongea anaupata bure, wakati mwingine na darasa lenyewe. Ombi andika kwenye karatasi na tarehe, ubaki na kopi, ukisema kwa mdomo linapotea. Andika kwamba lugha yake ni Kiswahili, wanatakiwa kumpima kwa lugha anayoielewa kadiri inavyowezekana, sio kwa Kiingereza halafu waseme haongei. Inawezekana ni mtulivu tu, wapo wa hivyo wengi, lakini apimwe.

baba_mapacha
Dada, ukienda beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na stabu (karatasi) za mshahara, chochote ulichonacho, kisichokuwepo kisikurudishe nyumbani.

mama_wawili_tx
Nimepiga 211 leo wakati wa mapumziko. Nimepewa vituo viwili, kimoja ni siku nzima na basi linapita barabara ile ile ya kazini. Nimepewa miadi Jumanne saa tatu asubuhi, mkalimani atakuwepo. Barua ya distrikti dada yangu ananiandikia usiku huu, mimi namwambia kwa Kiswahili yeye anageuza. Mtoto amekaa katikati yetu na kalamu yake, naye anaandika yake.