Bosi akikutumia meseji siku ya ofu unajibu?

Wakuu hivi mnajibu meseji za kazini mkiwa ofu? Jumapili nipo nafua, mikono imejaa povu, simu inalia tu, bosi anauliza faili la ripoti liko wapi, nikakausha. Jumatatu kaninunia mpaka jioni. Nimekosea?

— Hujakosea. Ufaransa tangu 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zinatakiwa zijadiliane nao kuhusu haki ya kuzima simu za kazi, Australia nao wameanza 2024, unaruhusiwa usijibu labda tu kama sababu yako haina kichwa wala miguu

— Sheria sawa ila bosi akishakununia sheria haikubembelezi. Mi nimezima tiki za bluu, nasoma kimyakimya, kama kweli kuna moto napiga, kama ni faili litasubiri

— Inategemea na kazi bana. Mi nasimamia seva, ikizima usiku lazima niamke, ila hiyo zamu nalipwa. Hulipwi? Lala. Halafu we faili kwa nini hukuliacha kwenye foda ya wote?

— (muulizaji) Hapo umenishika mkuu, lilikuwa kwenye laptopu yangu 😂