Kasuku wangu anajinyonyoa kifuani, nifanyeje?

BintiKisauni
Assalaam alaykum, na wengine hamjambo. Nina kasuku wa kijivu, yule wa mkia mwekundu. Kaniachia ami yangu aliyehamia Muscat kwa mwanawe. Kwa ami alikuwa akikaa barazani, kila apitaye humsalimu naye huitika. Kwangu amenyamaza kimya. Sasa kidari chote ki wazi, ngozi yaonekana, na kila asubuhi nazoa manyoya chini ya tundu. Kichwani lakini hajapungukiwa hata unyoya. Alizeti anakula vizuri, choo chake sawa. Nikimtia mkono mboni zake zinakuwa ndogo, kubwa, ndogo, kisha ananidona. Jirani asema ni husda, nimsomee na kumfukizia ubani. Mume wangu asema tumuuze sokoni yaishe. Nisaidieni.

Mlikoni
Dada, mpake maji ya pilipili kifuani, ataacha. Kwetu kuku wakidonoana ndivyo tufanyavyo.

BabaNjiwa
Mlikoni, utamlowesha bure. Ndege hawasikii ukali wa pilipili. Mpe kasuku pilipili mbuzi nzima uone, ataitafuna na mbegu zake aombe nyengine.

DaktariWaMifugo
BintiKisauni, hapo uliposema kichwa kizima umeshatujibu nusu ya swali. Mdomo wake haufiki kichwani, kwa hiyo anayenyonyoa ni yeye mwenyewe. Lau kichwa nacho kingekuwa kipara ningeshuku maradhi kwanza, maana kuna virusi vinavyoharibu manyoya na mdomo wa kasuku. Bado apimwe, kwani utitiri, ini au maumivu ya ndani huweza kumfanya ajinyonyoe.

Alizeti peke yake si chakula. Ina mafuta mengi, ila kalsiamu na vitamini A ni haba, na kasuku wa kijivu akipungukiwa kalsiamu hushikwa na degedege. Mzoeshe mchicha, sukumawiki, karoti, boga, na chikichi zikipatikana, maana huko porini ndicho chakula chake. Parachichi, chokoleti na kahawa ni sumu kwake. Usimbadilishie siku moja, ataweza kugoma kula. Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Wengi wao huwa baina ya gramu 400 na 500. Akianza kushuka, mrudishie alichozoea kwanza. Jua la asubuhi apate, lakini si la nyuma ya kioo, maana kioo huzuia miale anayoihitaji, na awe na kivuli cha kukimbilia.

Kumsomea msomee. Ubani acha, mapafu ya ndege hayahimili moshi. Tundu umeliweka wapi?

BintiKisauni
Jikoni daktari, ndiko kusikopita watoto.

DaktariWaMifugo
Mtoe leo hii. Vile vikaango visivyogandisha chakula vikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege papo hapo, wala wewe huisikii harufu.

MzeeWaTunduni
Mimi nimefuga hawa miaka mingi. Huyo amezoea baraza, mmemfungia penye ukuta. Kasuku ni ndege wa kundi, na sasa kundi lake ni nyinyi. Mweke ukumbini, mgongo wa tundu uelekee ukutani asitishike, na usiku afunikwe apate saa 10 hadi 12 za kulala. Mpe kazi: mfichie chakula ndani ya kifuu, mtilie tawi la mpera alichanechane. Mnyunyizie maji mchana ajikung'ute.

Mboni kucheza si hasira siku zote, ni msisimko, yaweza kuwa furaha pia. Lakini kwa kuwa hufuatia kukudona, hiyo ni ishara ya kurudisha mkono. Akiinamisha kichwa na kutimua manyoya ya kisogo, hapo anataka kukunwa. Mkune kichwa na shingo tu, mgongoni usimpapase, atakuona mwenza wake.

Alizeti iondoe bakulini taratibu iwe zawadi. Mwoneshe kijiti, akikigusa kwa mdomo, mpe mbegu moja. Akishazoea, kijiti ndicho kitakachomleta mkononi. Na ukimwona anajinyonyoa usipige kelele wala kumkimbilia. Akijua kwamba akinyonyoa unakuja, atanyonyoa.

Mwanasheria_Pwani
Kuhusu kuuza, mwambie shemeji asithubutu. Kasuku hawa walipandishwa hadi Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambacho ndicho chenye ulinzi mkali zaidi, kwenye mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, na hapa Kenya kumfuga kunataka kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Mwaka 2022 walitoa muda maalumu wenye ndege waombe vibali. Muulize ami kama alikuwa nacho, kisha uende ofisini kwao mwenyewe kabla hawajaja.

BintiKisauni
Ami nampigia jioni. Tundu limeshatoka jikoni. Daktari, manyoya yataota tena?

DaktariWaMifugo
Vishina vyake vikiwa havijaharibika, yataota, lakini ni kwa miezi, na wengine hubaki na kipara. Mapya hutoka yana damu ndani, usiyaguse. Likivunjika moja, likandamize kwa kitambaa safi, na damu isipokatika mlete hata kama ni usiku.