Sindano za kujaza mikunjo ya mdomo: saluni ziachwe au zizuiwe? (Kigoma na Tabora tujadili)

Mwisho wa Reli: Wakuu, salaam. Kuna saluni hapa Mwanga imebandika tangazo: wanajaza ile mikunjo inayotoka puani kushuka pembeni ya mdomo, na ile mingine inayotoka ncha za mdomo hadi kidevuni. Unaingia saa nne, saa tano uko sokoni. Anayechoma ni yule yule dada anayesuka. Mke wangu ameshaulizia bei. Mimi sipingi urembo, ila kitu kinachoingizwa chini ya ngozi ya uso ni kazi ya msusi kweli? Serikali izuie, au kila mtu na uso wake?

Bint Ujiji: Ngoja kwanza. "Sipingi urembo." Nani alikuletea maombi? Wanaume mnapaka piko kwenye mvi mpaka shingo inakuwa nyeusi, hatujawahi kuwafungulia mjadala. Mwanamke akiulizia bei tu, mikoa miwili inaitishwa kikao.

Mwisho wa Reli: Dada yangu, nimeuliza habari ya sindano, wewe umeng'ang'ania maneno mawili. Na mimi sipaki piko.

Kibirizi: Mvi zenyewe hujazikana lakini. Hahaha.

Mama Wawili: Haya mambo si TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, walishayapiga marufuku enzi zile za mkorogo?

Fundi Meno: Wangaluka. Mama, TFDA haipo tangu 2019. Imebaki TMDA ya dawa na vifaa tiba, vipodozi vikahamia TBS, shirika la viwango. Na mkorogo unapakwa, hii inachomwa. Mimi ni daktari wa meno hapa Tabora, uso wa chini ndiyo kazi yangu, niruhusuni nirefushe kidogo.

Kinachojazwa mara nyingi ni jeli ya asidi ya hailuroniki. Mwili wenyewe unayo, ngozini na kwenye viungo. Inavuta maji, pale palipobonyea pananyanyuka. Hudumu kama miezi 6 hadi 18, mwili unaimaliza, unarudi tena na hela. Marekani waliruhusu Restylane, mojawapo ya jeli hizo, kwa mikunjo hiyo ya puani mwishoni mwa 2003, na wao wanaihesabu kuwa kifaa tiba, si kipodozi. Msiichanganye na Botoksi, ile inalegeza misuli, haijazi kitu.

Sasa ubaya. Mshipa mkubwa unaopeleka damu usoni unapita jirani kabisa na mkunjo huo. Jeli ikiingia ndani ya mshipa, ngozi inakosa damu, inabadilika rangi, inaweza kuoza. Mishipa hiyo imeungana na ya macho, na wapo watu duniani waliopofuka hivyo. Ndiyo maana anayechoma lazima awe na hailuronidesi karibu, dawa ya kuyeyusha jeli, na aijue dalili mapema: maumivu makali, ngozi kuwa nyeupe ghafla au kuwa na madoa kama ya marumaru. Ngozi zetu nyeusi pia zina tabia ya kubaki na doa pale zilipoumizwa, na mwenye asili ya makovu yanayovimba afikirie mara mbili.

Migebuka Mibichi: Dokta nimesoma yote, ubarikiwe. Ila nyie wa Tabora mikunjo ya mdomo mmejitakia wenyewe. Tumbaku hiyo.

Unyanyembe Halisi: Wee! Tumbaku tunalima, hatuvuti. Nyie mnavua dagaa tangu enzi za mababu, mbona hamjaota mapezi?

Migebuka Mibichi: Usikasirike kaka. Sigara inaharibu kolajeni, ile inayoikaza ngozi, na kukunja ngozi ya mdomo, hilo hata dokta hawezi kulipinga. Na moshi wote ule wa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku unaenda wapi kama si usoni?

Unyanyembe Halisi: Unaona? Hujawahi kuliona bani. Tumbaku ya huku inakaushwa kwa joto, moto unawaka tanurini, joto linapita kwenye bomba, majani hayagusani na moshi. Nenda Urambo au Kaliua uoneshwe ndipo uje kuandika.

Kibirizi: Na kuni za huo moto zinatoka wapi? Miombo mmeifyeka, nyuki wamehama, halafu mnatuuzia asali kwa bei ya dhahabu.

Unyanyembe Halisi: Asali usiiguse. Asali ya Tabora usiiguse kabisa.

Mwisho wa Reli: Wakuu, saluni.

Mama Wawili: Mimi nasema mawese. Bibi yangu wa Ujiji amepaka mawese usoni tangu msichana, ana miaka themanini na kitu, pembeni ya mdomo hakuna hata kamstari. Jeli ya nini?

Unyanyembe Halisi: Asali inashinda mawese, mchana kweupe.

Fundi Meno: Mama, si mawese. Rangi yake inamkinga na jua, ngozi nyeusi huchelewa kukunjamana. Bibi ana meno?

Mama Wawili: Yote. Anatafuna mahindi ya kuchoma.

Fundi Meno: Basi umejibu mwenyewe. Meno yakitoka, mfupa wa taya unaliwa polepole mwaka hadi mwaka, midomo inakosa pa kuegemea, uso wa chini unafupika na ncha za mdomo zinashuka. Wengi wanaolalamikia mikunjo hiyo wakiwa wamepoteza magego, ningewawekea meno kwanza. Ukijaza jeli juu ya pengo unapaka rangi nyumba isiyo na msingi.

Kibirizi: Dokta, mama yangu ni kibogoyo. Unamaanisha ana sura mbaya?

Fundi Meno: Sijasema hivyo, mkuu.

Kibirizi: Umesema nyumba isiyo na msingi. Yule mama amenisomesha kwa kuuza dagaa. Hapa umevuka mpaka, usomi wako weka pembeni.

Migebuka Mibichi: Dokta omba radhi tu, mama ni mama.

Fundi Meno: Mpe shikamoo yangu, na mlete nimpime meno ya bandia. Bei tutaongea kama ndugu.

Kibirizi: Sasa hayo ni maneno. Ya kuvaa na kuvua, au yale ya kukaza kwenye mfupa? Na treni ikichelewa ile zamu yake haipotei?

Bint Ujiji: Nyie endeleeni na meno. Mimi nimepita kwenye hiyo saluni. Nikauliza, dawa ya kuyeyusha mnayo? Dada akanitazama. Akasema hawatumii hata sindano, wana kalamu inayosukuma jeli kwa nguvu bila kuchoma, "haina madhara kabisa". Simtetei Mwisho wa Reli, piko lake libaki palepale.

Fundi Meno: Hiyo ndiyo mbaya zaidi! Marekani, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, walionya mwaka 2021 watu wasizitumie kalamu hizo. Haijulikani jeli imeingia kina gani wala imeenda wapi. Sindano angalau mkono wenye ujuzi unaiongoza. Dada, walikuonesha kasha la jeli? Lina jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho?

Bint Ujiji: Chupa ndogo, maandishi siyajui. Bei nzuri lakini.

Mwisho wa Reli: Bei nzuri? Mke wangu asikusikie. Dokta, kwa hiyo nikimripoti, nimripoti TMDA au TBS?

Unyanyembe Halisi: Kabla hajajibu, Migebuka afute ile ya tumbaku. Nimeipigia picha.

Migebuka Mibichi: Sifuti. Vuta sigara kwanza utulie.