Mwanafunzi kapiga hesabu ya grupu za damu za wazazi, lake halimo. Nimjibuje?

Mwl. Chaki: Habari wakuu. Nafundisha baiolojia shule ya kata, fomu foo, tupo kwenye urithi. Vijana ule mraba wa Punnett, jedwali la kutabiri jeni za watoto, wanaujaza herufi vizuri tu ila ukiwauliza robo ni robo ya nini wanakukodolea macho. Nikaona niwape kitu cha kwao, kila mtu akaulize nyumbani grupu za damu za wazazi, atabiri watoto, halafu alinganishe na lake. Sasa kuna binti mama yake ni O, baba AB, yeye O. Kachora mwenyewe kapata watoto nusu A nusu B, O hakuna. Kaniletea daftari ananiuliza "mwalimu nimekosea wapi?" na hajakosea popote. Kipindi kijacho Alhamisi. Nimwambie nini? Sina amani kabisa.

Mama Nasri: Kitanda hakizai haramu mwanangu. Mwambie kakosea, futa ubao, ingia mada nyingine. Ndoa za watu usizichanganye na chaki.

Dogo Fizikia: Akiambiwa kakosea wakati kapatia, mtihani wa taifa ataandika nini?

Baba Wawili: Mimi ningefundishia sikoseli. Mke wangu na mimi wote tuna AS, yaani tumebeba jeni moja ya sikoseli bila kuugua, mtoto wa kwanza akazaliwa SS, mgonjwa, ukweni wakatuambia haya mmeshatoa zamu yenu, watatu wanaofuata wazima. Nesi wa kliniki ndo alitukalisha akatueleza kila mimba inaanza upya, robo SS, nusu AS, robo AA, mimba iliyopita haihesabiwi. Hilo vijana walijue kabla hawajaoana, njegere za Mendel watazisahau tu.

Kalamu Nyekundu: Wapo pia wanaofundisha kukunja ulimi kana kwamba ni jeni moja, wakati tangu 1952 ilishaonekana mapacha wa kufanana mmoja anakunja mwenzie hawezi. Ila mwalimu, huyo baba unamfahamu? Hofu yako imezidi ya ualimu.

Mwl. Chaki: Namfahamu, ni kaka yangu tumbo moja. Sikusema mwanzo kwa sababu haibadilishi swali. Na msinihukumu, nimeshaongea na wakili maana kwa Mkemia Mkuu huendi tu kupima DNA kama unaenda kupima malaria, lazima upitie njia za kisheria. Kaka anahangaika usiku na mchana kusomesha watoto, ana haki ya kujua.

Kijiwe cha Kahawa: Wifi yako akiingia humu leo mayowe tutayasikia mpaka Kibaha 😂

Mama Nasri: Tena wewe ndo shangazi/baba mdogo wa mtoto! Mungu akusaidie.

Mpasua Jipu: Hii chai. Mara mwanafunzi, mara mtoto wa kaka. Na huko kijijini nani anajua grupu lake? Umekaa ukatunga uzi upate laiki.

Mwl. Chaki: Sijatunga. Kaka huchangia damu, kadi anayo. La wifi limeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Binti tulimpima shuleni pamoja na darasa zima.

Fundi Maabara: Kwa dawa zipi? Mnazitunza wapi?

Mwl. Chaki: Vichupa vya kawaida, vilibaki mwaka juzi. Viko kabatini, friji hatuna. Ila vinafanya kazi, wa A walionekana vizuri, damu ilijikusanya vidonge vidonge.

Fundi Maabara: Na wa B?

Mwl. Chaki: Hatukupata wa B. Wala AB.

Fundi Maabara: Darasa zima?! Ticha, hicho kichupa cha njano kimekufa. Anti-B, ile dawa ya kutambua B, inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, ikiisha nguvu damu ya B inabaki laini pale kwenye kigae na wewe unaisoma O. Huyo binti anaweza kabisa kuwa B wa baba yake. Weka tone la kaka yako, yeye ni AB, isiposhikamana umepata jibu. Kisha binti akapimwe upya hospitali. Hata ikirudi O bado zipo kesi adimu, jeni ya A na ya B zimekaa kwenye kromosomu moja, mzazi AB akazaa O. Wakili wa nini saa hizi?

Baba Wawili: Na wale wengine mliowasoma O wakati ni B, nao wameshaenda na hayo majibu nyumbani kwao?

Mpasua Jipu: Kama ni kweli basi itisha darasa zima kesho asubuhi, usingoje Alhamisi.

Mwl. Chaki: Kesho nachukua tone la kaka, nitamwambia ni la mazoezi ya wanafunzi. Darasa nitaliambia majibu yote ya damu wasiyatumie kwanza. Binti nitamwambia hesabu yake iko sawa, kinachorudiwa ni kipimo. Ila wakili nilishampa kianzio, huyo simwambii aache mpaka majibu ya hospitali yatoke.